Alichoniambia Cherotich Saa ya Uji

Joyce, siku ile ya chai ya kuniaga uliniuliza, "Kogo, sasa wewe ukienda, sisi unatuachia nini?" Mwenzako Emily akadakia, "Atuachie mwiko." Mwiko ni wa shule, siwezi kuugawa. Lakini swali lako lilinifuata mpaka nyumbani. Goti langu limekataa shamba, wajukuu wako shuleni mchana kutwa, basi nikanunua daftari. Nilisoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza, kwa hiyo mkiona herufi zimelala msizicheke. Habari za mshahara sitaandika, maana zingekwisha kwa mstari mmoja. Cheo pia hapana. Niliingia yaya, nikatoka yaya. Nitaandika kazi, na watu niliofanya nao kazi, na jambo moja ambalo nyinyi mnaotunza watoto wa watu afadhali mlisikie kutoka kwangu kuliko kwa umbea wa jikoni.

Nilipoanza, miaka ya tisini ndiyo ilikuwa imeingia. Haya madarasa ya mawe mnayoyajua hayakuwapo. Palikuwa na jengo moja la mbao na mabati, hapo juu ya Mogogosiek, chai mbele na chai nyuma, na ndani vyumba viwili. Kimoja kilikuwa na mlango wa buluu, kingine mlango mwekundu. Mimi nilidhani rangi iliisha kabla fundi hajamaliza. Aliyenieleza ni Madam Roselyne, mwenye shule. Alikuwa msichana wa hapa hapa Konoin, akasoma mpaka akavuka bahari, akarudi na Kifaransa.

"Mama Taplelei," akaniambia, "huko kwa buluu ni Kifaransa. Kwa nyekundu ni Kiingereza. Watoto wa Nairobi wanajua Kiingereza. Wetu watajua vyote viwili, na hakuna mtu atawauliza tena wametoka kichaka gani."

Nikasema ni vizuri. Mtu anayetafuta kazi huona mambo mengi ni mazuri.

Utaratibu ulikuwa hivi. Asubuhi nusu ya watoto waliingia buluu, nusu nyekundu. Saa nne nilipiga kengele, wote wakatoka uwanjani kunywa uji, na baada ya uji walibadilishana milango. Kwa hiyo uji ulinywewa katikati ya hizo lugha mbili, na hapo katikati ndipo nilipowekwa mimi. Nifute makamasi, nifunge viatu, nipeleke chooni, na niangalie aliyetoka buluu asirudi buluu. Kuna mtoto aliitwa Kibet ambaye angesoma Kifaransa peke yake muhula mzima kama ningemwacha, kwa sababu mwalimu wa Kifaransa alikuwa na huruma na wa Kiingereza alikuwa na kiboko.

Kisha Madam akaweka sharti.

"Wewe Kifaransa hujui."

"Sijui, Madam."

"Na Kiingereza?"

"Najua 'yes'."

"Basi usiongee na watoto."

Nikafikiri ni mzaha. "Nitawaambiaje wanawe mikono?"

"Waonyeshe. Mtoto akisikia lugha rahisi ataikimbilia, na kazi yote ya walimu itakuwa bure. Kikipsigis hapana. Kiswahili hapana. Mpaka watoke nje ya geti."

"Hata kuwaita majina?"

Akasimama akiangalia chai. "Majina sawa," akasema. "Majina unaweza kuita."

Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi miaka ile, kwa majina tu. Watoto walikuwa thelathini na wanne mwaka wa kwanza, na nikitaka naweza kuwataja wote sasa hivi tangu aliyekaa karibu na mlango. Kibet. Kiprono aliyekula chaki. Akinyi na Adhiambo, mabinti wa fundi wa kiwandani. Chelangat aliyeogopa shimo la choo. Moraa. Wekesa aliyelia kila Jumatatu na kuzoea kila Jumanne. Nilijifunza kusema kila kitu kwa jina. "Kiprono!" kwa ukali ni shuka kwenye tangi. "Kiprono" kwa kuvuta ni njoo nikufute pua. "Kiprono" kwa kunong'ona ni nimekuona, tupa hiyo chaki. Watoto walielewa upesi kuliko walimu. Mwalimu Ogola, yule wa Kiingereza, mtu mrefu kutoka upande wa ziwa, alipenda kunitania mbele yao: "Leo Kogo ametoa hotuba! Amesema Wekesa mara kumi na tano!"

Kogo waliniita hata kabla sijapata mjukuu wa kwanza. Hilo neno la nyanya ndilo neno pekee la Kikipsigis ambalo Madam aliliacha lipite getini. Nafikiri alidhani ni jina langu.

Jikoni alikuwa Mama Truphena, mpishi, naye pia wa kutoka huko ziwani. Huyo ndiye mwalimu wangu, kama mnataka kujua nani alinifundisha kazi. Jiko lake lilikuwa na mlango usio na rangi, na tukiufunga tuliongea Kiswahili mpaka mate yakauke. Alinifundisha kukoroga unga kwa maji baridi kwanza ili uji usifanye mabonge, na kuupoza kwa kuumimina juu chini, si kwa kupuliza. Alinifundisha kumjua mtoto anayeumwa kabla mwenyewe hajajua. "Kiganja cha mpishi kimezoea moto," alisema, "kinadanganya. Tumia mgongo wa mkono, hapa nyuma ya shingo, ndani ya kola. Na mwangalie na kikombe. Mtoto mzima hata asipotaka uji atalamba mdomo wa kikombe. Yule anayekishika tu bila kulamba, huyo shika shingo." Fanyeni hivyo mpaka leo. Kipimo cha ofisini kilivunjika zamani na hakuna aliyenunua kingine.

Wa mwisho ni Mwalimu Esperansi. Alitoka Burundi na sanduku moja, na mambo yaliyomtoa huko hakuyasema, nasi hatukuuliza. Alifundisha akiimba. Watoto wa wachuma chai, ambao nyumbani hawakuwa na meza, walitaja meza na kiti na dirisha kwa Kifaransa huku wanapiga makofi, na mimi nje na fagio langu nilikuwa natikisa kichwa. Akiwa jikoni aliongea Kiswahili cha kwao, kinachoenda kama kinaruka mitaro. "Mama Taplelei, hii baridi ya kwenu inaua muntu!" Mama Truphena alikuwa anamwiga mpaka wote wawili wanashika mbavu.

Sasa nifike kwenye kibao.

Kilikuwa kipande cha mti chenye kamba, cha kuvaa shingoni. Wazee wenzangu wanakijua, shule nyingi zilikuwa nacho. Mtoto akisikika anaongea lugha ya nyumbani, anavishwa. Anakaa nacho mpaka amnase mwenzake, naye anamvisha. Kwa hiyo saa ya kucheza utaona mtoto ana kibao kifuani, anatembea polepole karibu na wenzake, ametega masikio kama paka. Atakayekuwa nacho jioni jina linaandikwa. Watoto wa wenye uwezo wakiandikwa waliokota takataka. Lakini palikuwa na nafasi kumi ambazo Madam alizitoa bure kwa watoto wa wachuma chai wa lile shamba kubwa, na hao sharti lao lilikuwa lingine. Ukiandikwa mara tatu kwa muhula, nafasi inapewa mwingine.

Cherotich alikuwa mmoja wa hao kumi. Miaka sita, meno ya mbele hayapo, sweta ya kijani iliyofumwa na mtu asiyejua kupima mikono. Mama yake, Rachel, alichuma chai na kukaa katika vijumba vya shamba. Mtoto huyo alikuwa na sauti, jamani. Mwalimu Esperansi alimweka mbele kila wakiimba. Lakini pia alikuwa na maneno. Alianza hadithi kwa Kifaransa, ikamshinda njiani, akaimalizia kwa Kikipsigis bila kujua amevuka. Kufika katikati ya muhula wa pili, ameandikwa mara mbili.

Asubuhi moja Rachel akanisimamisha nje ya geti, kikapu cha kuchumia mgongoni, gambuti zimelowa umande.

"Taplelei, wewe ni mtu wa kwetu. Nichungie huyu mtoto mdomo."

"Nitamchungiaje, na mimi mwenyewe nimefungwa wangu?"

"Hata na jicho. Akifungua mdomo vibaya, mtolee jicho. Nimebaki na mara moja tu. Akitolewa hapa atarudi chini kwa ile shule ambayo wanakaa kwa mawe." Akaweka kikapu sawa. "Mimi nitazeeka na hiki kitu mgongoni. Yeye hapana. Nimekataa."

Nikamwambia aende tu kazini, mtoto yuko na mimi. Na nilifanya hivyo. Wiki zile nilikuwa nyuma ya Cherotich kama kivuli. Akianza kuteleza, nilisema "Cherotich," naye alijifunika mdomo kwa mikono yote miwili na kucheka na macho. Tulizoea. Ulikuwa kama mchezo wetu wawili.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumatano, msimu ule wa baridi ambao ukungu haupandi mpaka saa tano, na ndio msimu malaria ilikuwa inapanda milima na kushika watoto. Madam alikuwa na wageni kutoka Nairobi, watu wawili waliokuja kuona kama shule inaweza kupewa vitabu vya Kifaransa. Tangu alfajiri tulikuwa tumefagia mpaka mchanga. Watoto wangeimba mara tu baada ya uji, wimbo mmoja wa Kifaransa na mmoja wa Kiingereza. Cherotich ndiye wa kuanzisha.

Saa nne nikapiga kengele. Nilikuwa nagawa uji karibu na tangi. Nikamwona Cherotich amesimama peke yake na kikombe mkononi. Hakulamba. Nililiona hilo. Mama Truphena alinifundisha nami nililiona. Nikajiambia ni woga wa wageni.

Akaja kwangu. Akanishika leso, akaniambia kwa Kikipsigis, taratibu, kama mtu aliyefikiri kwanza: "Kogo, kichwa kinaniuma sana. Na miguu yangu imekuwa ya maji."

Na wakati huo huo Madam anatokea kwenye kona ya jengo na wale wageni, anawaonyesha milango. Nyuma ya Cherotich, hatua tatu, alikuwa Kibet, na Kibet ndiye aliyekuwa na kibao kifuani siku hiyo. Alikuwa ametega sikio.

Nikaweka kidole mdomoni. Nikasema, "Cherotich." Nikalisema kwa ile sauti yetu.

Akaniangalia. Hakucheka. Akajifunika mdomo kwa mikono miwili, kama alivyozoea, akarudi kwenye mstari.

Hivyo tu. Ukiuliza ilichukua muda gani, ni kama kumimina kikombe kimoja. Sikumshika shingo. Kama ningemshika, angeendelea kuniambia, na kama angeendelea, Kibet angesikia, na mara ya tatu ingeandikwa mbele ya wageni. Nilikuwa nachunga nafasi yake, ile ambayo mama yake aliniomba niichunge. Nikasema wakiondoka wageni nitamshika.

Akaimba. Watu wengi hawaamini nikiwaambia. Alianzisha wimbo wa Kifaransa na sauti haikukatika, na yule mgeni mwanamke akatoa kitambaa akafuta macho. Wageni hawakuondoka. Wakakaribishwa chakula, nami nikaitwa kubeba sahani na maji ya kunawa, na kumpelekea Madam chumvi, na kurudisha chumvi kwa sababu ilikuwa na unyevu. Mara mbili nilipita mbele ya mlango mwekundu nikamwona amelaza kichwa juu ya dawati. Watoto wengi hulala baada ya chakula. Nikasema, ngoja nipeleke hizi sahani.

Kama saa nane na nusu nikaingia. Mgongo wa mkono wangu ulipogusa shingo yake niliuondoa kama niliyegusa sufuria. Nikamwita jina lake kwa kila namna niliyoijua. Hakuitika hata moja.

Mwalimu Esperansi ndiye aliyembeba. Alikimbia naye katikati ya chai, viatu vimemtoka, mpaka zahanati ya shamba, na mimi nyuma yake. Muuguzi alimchoma sindano hapo hapo, akasema hii ni ya hospitali kubwa, akatoka mbio kutafuta gari. Nyapara akapiga filimbi kumwita Rachel kutoka shambani. Alifika na kikapu bado mgongoni na majani ndani yake. Saa tisa pikapu ya shamba iliondoka kwenda Kericho, Rachel nyuma na mtoto mapajani. Mimi nilirudi shuleni kwa sababu kuna watoto walikuwa wanangoja kufunguliwa geti.

Cherotich hakufika Kericho. Alimalizikia njiani, mikononi mwa mama yake, jua bado linawaka.

Tulimzika Jumamosi nyumbani kwa baba yake Rachel. Watoto wote walikuja na sweta za shule. Baada ya udongo, wanawake wakiwa wameketi, Rachel akaniita kando. Macho yalikuwa makavu kabisa.

"Taplelei. Siku ile alikuwa na wewe."

"Alikuwa na mimi."

"Alisema kitu?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa kilio, si kwa swali. Nikasema, "Hapana."

"Hakusema anaumwa?"

"Hakusema. Alikuwa mchangamfu. Aliimba mbele ya wageni."

Akatikisa kichwa polepole, mara nyingi. "Basi ilimshika ghafla."

"Ghafla," nikasema.

Akanishika mkono akauminya. Alinishukuru, Joyce. Emily, alinishukuru kwa kukaa na mtoto wake.

Jumatatu Mwalimu Esperansi aliingia jikoni, kibao mkononi. Akainama, akakitia chini ya sufuria ya uji, akangoja mpaka kikashika moto. Madam alipokiulizia, Mama Truphena alisema kwa Kiswahili, mlango ukiwa wazi, "Kimepotea, Madam." Madam akamwangalia, akaangalia jiko, akaondoka. Hakikutengenezwa kingine. Sisemi Madam alikuwa mtu mbaya. Alikuja mazishini akakaa chini kwenye nyasi na wanawake wa shamba, akalia mpaka akaishiwa. Aliwatakia wale watoto mema kwa nguvu zake zote. Hakuna aliyemwambia juu ya tangi na uji, kwa hiyo hata yeye hajui.

Lakini Esperansi alijua. Tulipobaki wawili aliniambia, "Nilikuwa kwa dirisha. Ule mutoto alikuambia kitu."

Nikaendelea kusugua sufuria.

"Umwambie mama yake."

"Nitamwambia."

"Leo."

"Ngoja kidonda kikauke kidogo."

"Mama Taplelei," akasema, "iyo haikauki. Umwambie leo, akupige leo, iishe."

Sikwenda. Wiki ile sikwenda kwa sababu ya matanga. Mwezi ule sikwenda kwa sababu ilikuwa mvua. Nikimwona Rachel njiani alinisalimia kwa mikono miwili, nami nikasema si leo, leo ana furaha kidogo. Mwisho wa mwaka Esperansi alipata kazi kwingine akaenda na sanduku lake. Kifaransa kilibaki muhula mmoja kikichechemea na Madam mwenyewe, kisha kikaisha. Mlango wa buluu ukawa stoo ya majembe. Vitabu vya wale wageni vilifika baada ya hapo, maboksi mawili, na panya ndio waliovisoma. Sharti la mdomo wangu likafa bila kutangazwa. Siku moja tu nilimwambia Wekesa kwa Kiswahili, "Vaa kiatu hicho," Madam akiwa hapo, naye hakusema kitu. Niliona aibu kama niliyevua nguo. Rachel akaacha kazi ya chai akahamia Londiani, kwa shamba la kaka yake, kulima viazi. Nikasema, sasa ni mbali.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingine, nanyi mnaijua. Nilifundisha mikono kunawa. Nimefuta pua ambazo leo zina ndevu. Watu husema Kogo alikuwa mwepesi kushika watoto shingo, hata walio wazima. Sasa mnajua sababu.

Mwezi uliopita, nikiwa sina kengele ya kunizuia, nikaenda Londiani. Niliuliza sokoni, wakanionyesha. Nilimkuta Rachel amekaa juu ya gunia anachagua viazi vya mbegu, vidogo huku, vikubwa huku.

"Ni Taplelei huyu ama ni macho yangu?" Akaruka. "Aii, umezeeka! Nani alikuruhusu?"

"Na wewe umenenepa. Viazi vinakupenda."

"Vinanipenda kuliko chai. Chai ilikuwa inanila, hivi ninavila mimi."

Akanipa kiti, akanipa chai ya maziwa mengi, akaniuliza mmoja mmoja: Truphena, Ogola, Madam. Alikuwa amepata mtoto mwingine huko, msichana, yuko shuleni. Nikaona nikimaliza kikombe sitasema tena. Nikakiweka chini kikiwa nusu.

Nikamwambia. Nilimwambia jinsi ilivyokuwa, kikombe kisicholambwa, leso, kichwa, miguu ya maji, Kibet, wageni, kidole changu. Nilikuwa na neno moja la kujitetea, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeniomba nimchunge mtoto mdomo. Lilifika kwenye meno nikalimeza.

Rachel aliendelea kushika kiazi alichokuwa nacho.

"Lakini ulisema hakusema kitu."

"Nilikudanganya."

"Ulisema ghafla."

"Nilisema hivyo. Nisamehe, Rachel."

"Ngoja kusamehe kwanza." Sauti yake haikupanda. "Alikuambia saa ngapi?"

"Saa ya uji. Saa nne."

"Na sisi tuliingia gari saa tisa."

"Saa tisa."

Akaweka kiazi chini, akainua mkono wake wa kushoto, akaanza kukunja vidole. Saa tano. Saa sita. Saa saba. Saa nane. Saa tisa. Vidole vikaisha. Akauangalia huo mkono uliofungwa.

"Unajua mimi niliishi na nini?" akasema. "Mume alinitoka, kazi nikaacha, nikalala njaa hapa mwaka wa kwanza. Nilikuwa nasema, angalau mtoto wangu hakuteseka. Alikuwa anaimba, ikamshika ghafla, akalala. Nimesimama kanisani nikashukuru Mungu kwa hilo. Watu wote hapa wanajua hivyo. Hicho ndicho kitu kimoja nilikuwa nacho, na umenipa wewe. Sasa umepanda gari kutoka kwenu kuja kukichukua."

Nilikuwa nimefika pale nikidhani nimebeba deni langu nimlipe. Ningemwambia siku ile ile kaburini, angenipiga, angenitukana, na angejenga maisha yake juu ya kitu cha kweli, hata kiwe kichungu. Mimi nilimpa uongo wa kujengea, nikamwacha ajenge, halafu nikaja kuutoa chini nyumba ikiwa imeshasimama.

Geti likalia. Msichana akaingia na mkoba wa shule, miaka kama minane, akanipa kichwa nimguse kwa salamu ya heshima. Ana paji la uso lile lile la Cherotich.

"Huyu ni Kogo Taplelei," Rachel akamwambia. "Alikuwa shuleni na dada yako."

Mtoto akageuka haraka. "Cherotich? Yule aliyekuwa anaimba?"

"Huyo."

"Na akaimba mbele ya wageni, halafu ugonjwa ukamshika ghafla, hakuumia hata kidogo?"

Rachel hakumwangalia mtoto. Aliniangalia mimi, na mkono wake bado umefungwa juu ya goti.

"Si ndivyo ilivyokuwa, Taplelei?" akasema. "Mwambie."

Nikamwangalia yule mtoto usoni, nikamwambia ndivyo.